Metali nzito katika udongo na maji ya ardhini: vihisi vya shambani vina maana gani kwa Lagangabilili

Katika Kata ya Lagangabilili, yalipo makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa, ubora wa maji ya kisima hupimwa kwanza kwa macho, ulimi na pua. Maji yakiwa maangavu, yasiyo na chumvi wala harufu, ndoo hujazwa na safari ya kurudi nyumbani huanza. Vipimo hivyo vya asili vimewasaidia wananchi kwa vizazi vingi kuepuka maji yenye tope na uvundo. Hata hivyo, hakuna hata kimoja kinachoweza kutambua aseniki, risasi, zebaki au kadimi, kwa kuwa metali hizo, katika viwango vinavyodhuru mwili, hazibadili rangi ya maji wala ladha yake.

Ipo tofauti nyingine ambayo kila kaya inapaswa kuifahamu. Kuchemsha maji huua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi metali. Kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke, ndivyo metali iliyomo inavyozidi kujikusanya katika maji yanayobaki. Ushauri wa afya ambao wananchi wameuzoea kwa miaka mingi, na ambao bado ni sahihi dhidi ya vimelea, hauwezi kuwakinga na hatari hii. Kinga pekee ni kupima.

Ni kwa sababu hiyo maendeleo ya vihisi vya kupimia metali shambani, yaani vifaa vidogo vinavyoweza kubebwa hadi kisimani au shambani na kutoa majibu papo hapo, yanastahili kufuatiliwa kwa makini na wakazi wa Itilima na Bariadi. Swali la msingi ni nini kitafuata baada ya kifaa kutoa jibu.

Kwa nini Itilima na Bariadi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 una zaidi ya watu milioni 2.1. Wengi wao huishi kwa kilimo cha pamba, mahindi, mtama, dengu na choroko, pamoja na ufugaji. Mvua zake hazitabiriki, na wakati wa kiangazi mito mingi hubaki mchanga mtupu ambao wananchi huuchimba kutafuta maji. Visima vifupi, visima virefu vyenye pampu za mkono na malambo ndivyo vilivyobeba maisha ya vijijini kwa muda mrefu.

Chini ya ardhi hiyo ipo miamba ya kale inayounda ukanda wa dhahabu unaolizunguka Ziwa Victoria. Dhahabu katika ukanda huu mara nyingi huambatana na madini ya salfaidi, na baadhi ya madini hayo yana aseniki. Mwamba ukiwa umelala chini bila kuguswa, madini hayo hutulia. Ukivunjwa na kuachwa juu ya ardhi, hewa na maji ya mvua huanza kuumomonyoa, na sehemu ya metali huweza kuyeyuka na kusafiri kuelekea kwenye vijito na maji ya ardhini. Kwa upande wa wachimbaji wadogo, kuna jambo la ziada: zebaki inayotumika kukamata dhahabu wakati wa kuosha mawe yaliyosagwa. Sehemu yake hupaa hewani inapochomwa, na sehemu nyingine hubaki katika marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa.

Uchimbaji si jambo geni mkoani humo. Mwezi Januari 2024 taifa liliomboleza vifo vya watu 22 waliofukiwa na kifusi katika machimbo ya Ng'alita, Wilaya ya Bariadi. Ajali ya namna hiyo huonekana siku ileile, na vyombo vya uokoaji hufika. Madhara ya metali huenda kinyume: hayana kishindo, hujikusanya mwilini taratibu, na huweza kuchukua miaka kabla ya kujitokeza kama vidonda vya ngozi, ugonjwa wa figo, saratani au mtoto anayechelewa kujifunza. Hatari isiyo na kishindo ndiyo inayohitaji mlinzi asiyelala.

Pamoja na hayo, kuwepo kwa mgodi hakumaanishi kuwa kila kisima cha jirani kimechafuka, na kutokuwepo kwa mgodi hakumaanishi kuwa kisima ni salama. Mfano mzuri uko Dutwa, wilayani Bariadi, ambako watafiti wa madini walibaini mashapo ya nikeli. Udongo uliotokana na miamba ya aina hiyo huwa na nikeli na kromi nyingi kwa asili yake, kabla ya mtu yeyote kushika sururu. Anayepima udongo wa eneo kama hilo kwa mara ya kwanza baada ya mgodi kufunguliwa hawezi kujua kilicholetwa na binadamu na kilichowekwa na maumbile. Kwa hiyo kipimo cha awali, kinachochukuliwa kabla ya shughuli kubwa kuanza, ndicho msingi wa haki kwa pande zote: humlinda mwananchi anayedai fidia, na humlinda pia mwekezaji dhidi ya madai yasiyo yake.

Kifaa hufanyaje kazi

Ugumu wa kupima metali unatokana na udogo wa viwango vyenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aseniki isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Risasi nayo imewekewa mikrogramu 10, na kadimi mikrogramu 3. Ili kuelewa ukubwa wa tarakimu hizo, gramu moja tu ya aseniki ikichanganywa katika lita 100,000 za maji, sawa na maboza 10 ya lita 10,000 kila moja, maji yote hayo yatakuwa yamefikia ukomo unaoruhusiwa. Kifaa cha shambani hakina budi kukiona kiasi hicho kidogo, juani, kwenye vumbi, mikononi mwa mtu asiye mkemia.

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni ya vitendanishi vinavyobadili rangi. Kwa aseniki, maji huchanganywa na kemikali zinazoigeuza kuwa gesi, na gesi hiyo hupaka rangi kwenye kipande cha karatasi. Rangi ikikolea, kiwango ni kikubwa. Njia hii ni rahisi na haihitaji umeme, lakini macho ya watu wawili yanaweza kusoma rangi moja kwa namna mbili, na gesi yenyewe ni sumu inayohitaji uangalifu.

Ya pili ni ya kielektrokemia, na ndiyo ambayo watafiti duniani wameielekezea nguvu kubwa. Kijiti chenye elektrodi ndogo hutumbukizwa katika sampuli, na umeme hafifu huzivuta metali zilizoyeyuka zijipange juu ya uso wa elektrodi kwa dakika chache. Kisha nguvu ya umeme hubadilishwa polepole, na kila metali hubanduka kwa zamu yake: kadimi kwa volti yake, risasi kwa yake, shaba kwa yake. Volti hueleza ni metali gani, na kiasi cha mkondo unaopita hueleza ni nyingi kiasi gani. Hapo awali elektrodi hizo zilitengenezwa kwa zebaki, ambayo nayo ni sumu. Tangu kuanza kwa karne hii, bismuthi imechukua nafasi yake katika vipimo vingi, huku dhahabu ikitumika kwa aseniki na zebaki.

Ya tatu ni ya mionzi ya eksirei, inayofaa zaidi kwa udongo. Kifaa kinachoshikwa kama bunduki ya kupimia joto huelekezwa ardhini, na metali zilizomo hurudisha mionzi yenye alama zake. Ndani ya dakika chache mpimaji anaweza kujua kama ua wa nyumba, bustani au eneo la kusagia mawe lina risasi nyingi. Kwa kuwa kifaa hiki hutoa mionzi, umiliki na matumizi yake nchini viko chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003.

Vipo pia vihisi vinavyoachwa ndani ya kisima usiku na mchana, vikiendeshwa kwa umeme wa jua na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Wananchi wanapaswa kufahamu kuwa vingi kati ya hivyo havipimi metali moja kwa moja. Hupima uchachu, joto, kina cha maji na uwezo wa maji kupitisha umeme. Uchachu ukiongezeka ghafla na chumvi kupanda, huwa ni dalili kuwa kitu kimeingia kisimani. Kihisi hicho kinafanana na mbwa anayebweka usiku: hasemi mgeni ni nani, ila anamwamsha mwenye nyumba.

Mpaka wa uwezo wa vihisi

Vifaa hivi vina udhaifu ambao ukifichwa utavunja imani ya wananchi. Shaba ikizidi katika maji inaweza kuvuruga usomaji wa aseniki kwenye elektrodi. Tope na mabaki ya mimea huziba uso wa kihisi. Katika mionzi ya eksirei, alama kuu ya aseniki na ya risasi karibu zinagongana, hivyo udongo wenye risasi nyingi unaweza kumdanganya mpimaji kuhusu aseniki. Udongo mbichi hutoa kiwango pungufu kuliko udongo uleule ukiwa umekauka.

Kwa sababu hizo, kihisi cha shambani hakiwezi kuchukua nafasi ya maabara. Kazi yake ni ya mpelelezi: kupita visima vingi kwa siku chache, kutenga vinavyotia shaka na kuonyesha mahali pa kuanzia. Hukumu hubaki kwa maabara, ikiwemo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Utaratibu unaofaa ni kila kisima chenye shaka kupelekewa sampuli maabara, na pia sehemu ya visima vilivyoonekana salama, mathalani kimoja kati ya kila kumi, ili kukikagua kifaa chenyewe.

Itaonekana kwamba umbali kati ya Lagangabilili na Mwanza ndio kikwazo kikuu. Kwa metali, sivyo. Sampuli ya vimelea inapaswa kufika maabara ndani ya saa chache, lakini sampuli ya metali ikiongezwa asidi ya naitriki kwa kiwango sahihi huweza kuhifadhiwa kwa wiki kadhaa bila kuharibika. Kikwazo ni gharama na muda wa kusubiri majibu. Sampuli inaweza kusubiri. Mama mwenye ndoo hawezi. Pengo hilo la kusubiri ndilo ambalo kihisi kimekuja kuliziba.

Mafunzo kutoka Zamfara na Bangladesh

Mwaka 2010, katika Jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, watoto walianza kufa kwa degedege katika vijiji vya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Uchunguzi ulibaini sumu ya risasi: mawe ya dhahabu ya eneo hilo yalikuwa na risasi nyingi, na yalikuwa yakisagwa ndani ya maua ya nyumba ambamo watoto walicheza. Zaidi ya watoto 400 walifariki. Wataalamu walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vifaa vya eksirei vya mkononi, wakachora ramani ya udongo wenye sumu, kisha udongo wa juu ukaondolewa na kuwekwa mwingine safi. Matibabu ya mtoto yalifuata baada ya ua wake kusafishwa, kwa kuwa kumtibu na kumrudisha kwenye udongo uleule kungekuwa kazi bure. Mawe ya Simiyu si mawe ya Zamfara, lakini somo ni moja: mahali pa kusagia mawe pasiwe mahali pa kulelea watoto, na kipimo cha udongo kitangulie msiba.

Bangladesh ilipata somo la maji. Kuanzia miaka ya 1970 mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa ili kuwaepusha watu na maji machafu ya madimbwi. Miaka ya 1990 ilithibitika kuwa vingi vina aseniki ya asili. Kati ya mwaka 2000 na 2003, takriban visima milioni 5 vilipimwa kwa vitendanishi vya shambani. Vilivyozidi kiwango cha nchi hiyo, takriban milioni 1.4, vilipakwa rangi nyekundu. Vilivyo salama vilipakwa kijani. Hakuna aliyehitaji kusoma ripoti. Familia nyingi zilihamia kisima cha jirani chenye rangi ya kijani, pale ambapo jirani huyo alikuwa karibu. Kasoro ilijitokeza baadaye: visima vipya viliendelea kuchimbwa bila kupimwa, na rangi za zamani zikafifia. Kupima mara moja na kuondoka hakutoshi.

Sheria na wajibu wa taasisi

Tanzania haianzi sifuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka msingi wa mchafuzi kulipa gharama, na kanuni zake za mwaka 2007 zimeweka viwango vya ubora wa maji na wa udongo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazikabidhi Bodi za Maji za Mabonde ulinzi wa vyanzo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na kutambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Aidha, mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kupunguza, na inapowezekana kukomesha, matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Wingi wa taasisi una faida zake, lakini pia una hatari. Kisima ni cha chombo cha jamii, chanzo ni cha Bonde, mgodi uko chini ya Tume ya Madini, mazingira ni jukumu la NEMC, na mgonjwa ni wa Idara ya Afya. Kihisi kikitoa onyo saa nne asubuhi, nani anapigiwa simu? Bila jibu moja lililoandikwa na kufahamika katika ofisi ya kijiji, onyo linaweza kuzunguka kutoka meza moja hadi nyingine huku pampu ikiendelea kutoa maji. Ngazi ya wilaya ndiyo mahali panapofaa kwa jibu hilo, kwa kuwa hapo Mhandisi wa Maji, Afisa Afya, Afisa Mazingira na Afisa Kilimo hukutana.

Kufunga kisima si mwisho wa kazi

Uamuzi mgumu zaidi huja baada ya jibu kuthibitishwa. Kisima kikifungwa pasipo mbadala, wananchi watarudi lamboni, na kuhara kunaweza kumuua mtoto ndani ya siku chache ilhali aseniki huchukua miaka. Kwa hiyo kipimo na mbadala vinapaswa kupangwa pamoja.

Hapa Simiyu ina nafasi ambayo wilaya nyingi hazina. Mradi wa kufikisha maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, ulioidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 kwa ushirikiano na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani na Serikali ya Tanzania, unalenga kuondoa utegemezi wa visima visivyo na uhakika. Bomba hata hivyo haliwezi kupita katika kila kitongoji kwa siku moja. Taarifa za vihisi zinaweza kusaidia kupanga foleni: kitongoji ambacho kisima chake kimethibitika kuwa na metali kitangulie, badala ya kitongoji chenye sauti kubwa zaidi mkutanoni. Yapo pia matumizi ya kati. Maji yasiyofaa kunywewa kutokana na aseniki bado yanaweza kufulia nguo, mradi pampu iwe na alama isiyofutika inayoeleweka hata kwa mtoto anayetumwa maji.

Bomba likifika, udongo utabaki. Mbolea za fosfeti huweza kubeba kadimi kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, marudio yaliyotumika kujazia njia huweza kusambaza metali mbali na machimbo, na baadhi ya akina mama wajawazito hula udongo wanaoununua sokoni. Ufuatiliaji wa udongo utahitajika muda mrefu baada ya maji kuwa salama.

Wajibu wa wananchi

Teknolojia hii itakuwa na thamani iwapo wananchi wataijua na kuidai. Kamati ya maji ya kijiji inaweza kuanza na orodha rahisi: visima vyote, kina chake, mwaka vilipochimbwa, na umbali wake kutoka kwenye karasha au mahali pa kuoshea mawe. Orodha hiyo haihitaji kifaa chochote, na ndiyo itakayomwongoza mpimaji atakapofika. Vipimo vichukuliwe katika misimu yote miwili, kwa kuwa mvua za kwanza huosha marudio na kuyapeleka mtoni, na kiangazi hupunguza maji na kukoleza kilichomo.

Majibu nayo yasiishie kwenye faili. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Njia bora ni kutosubiri maombi: majibu ya kila kisima yabandikwe ofisi ya kijiji na yasomwe katika mkutano mkuu, kwa Kiswahili na pale inapobidi kwa Kisukuma, yakitaja jina la kisima, tarehe, kiwango kilichopatikana na kiwango kinachoruhusiwa.

Mwananchi wa Lagangabilili anayeinama kusukuma pampu hahitaji kujua elektrodi ni nini. Anahitaji kujua kama maji haya yanywewe leo, na kama la, ni pampu ipi iliyo karibu ambayo ni salama. Mfumo wowote wa vihisi utakaofika Itilima upimwe kwa kigezo hicho.